Waya Ulioshikwa na Sumaku

Anayetafuna atafune polepole, na anayekohoa amalize kabisa. Hadithi hii husimuliwa mara moja, tena vizuri kuliko utakavyoisikia kwingine kokote, na atakayesinzia katikati halafu aseme alikuwa anawaza tu, tutamjua kwa mate shavuni. Mliosoma mpaka mkavaa joho, karibuni nanyi. Leo joho halisaidii kitu. Mwishoni lipo swali, na swali lenyewe limewashinda watu wenye miwani minene kuliko yenu.

Lipo ziwa linaloitwa Shura. Usilitafute kwenye ramani. Maji yake ni magadi matupu, mazito, ya uvuguvugu, na juu yake limeganda gamba jeupe lililopasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyependa viatu. Adhuhuri joto likipanda, mazigazi huinua ng'ambo ya pili ikaelea hewani, nyumba na matanki na mbuzi, vyote vikaning'inia juu ya mwanga bila kugusa chini. Na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu kama vijiti, hutembea ndani ya mwanga huo taratibu, utafikiri ziwa limelala na wao ndio ndoto inayopita kichwani mwake. Mgeni akifika hukaa kimya siku nzima akitazama. Siku ya pili ndipo anapouliza mbona zipu ya suruali haifunguki.

Maana Shura hula. Hula misumari, hula bati, hula bawaba za milango na masufuria na miwani ya fundi. Msalaba wa chuma ukiusimamisha kaburini leo, baada ya misimu michache ya mvua unabaki alama ya rangi ya chai mchangani, na marehemu anabaki bila anwani. Kando ya ziwa kuna kiwanda cha kukausha magadi na kambi ya wafanyakazi wake, na humo nusu ya watu wanatengeneza magadi na nusu nyingine wanatengeneza vile vilivyoliwa na magadi.

Ndiyo sababu watu wa kambi ile wana desturi yao. Mtoto akizaliwa, siku ya nne mchana baba yake humbeba mpaka gatini, akaliita jina lake juu ya ziwa. Analiita mara moja tu. Mwangwi ukirudi, basi limekubaliwa. Haliitwi tena, wala hayaitwi majina mawili. Wanasema kila kitu kingine ziwa litakila, ila jina lililoitwa namna hiyo haliliwi. Unacheka. Kaa pale mwaka mmoja kwanza, halafu uje ucheke.

Katika kambi hiyo walikuwepo wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Apondi, mtunza stoo, alikuwa na kipaji cha kungoja. Usikidharau. Wewe huwezi kungoja chai ipoe. Apondi aliweza kuweka kitu mahali, akakitazama leo, akakitazama mwezi ujao, akakitazama mwakani, mpaka kitu chenyewe kichoke na kumwambia ukweli wake.

Wa pili, Syombua, alikuwa na kipaji cha kusokota. Alifanya kazi ya kushona chekeche za waya kiwandani, lakini jioni alisuka vikapu vya vyondo, akiuviringisha mkonge kwenye paja lake huku anaongea, wala hatazami. Mpe chochote kilicho kirefu kuliko kipana, atakurudishia kamba.

Wa tatu, Simaloi, alikuwa na kipaji cha kiganja. Yeye ndiye aliyeendesha winchi ya kiti cha kuvukia. Akiweka kiganja chake juu ya kamba ya waya, anakuambia kilichoko upande wa pili: mbuzi wawili na gunia la unga, au mtu mmoja mnene mwenye wasiwasi. Watu walimjaribu mara nyingi, na mara nyingi waliolipa soda ni wao.

Kiti chenyewe ni hivi. Mkono mmoja wa ziwa umepenya kati ya kambi na ng'ambo, mahali ziliko pampu na nyumba chache za walinzi wa pampu. Gamba la pale ni jembamba, halibebi gari wala punda. Barabara ya kuzunguka ni ya siku nzima, mvua ikinyesha ni ya siku tatu. Kwa hiyo kiwanda kilitandika kamba mbili za waya kutoka mnara wa huku mpaka mnara wa kule, ya kushoto na ya kulia, na juu yake kikapita kiti cha mbao kilichoning'inia kwenye magurudumu, kikivutwa na winchi kwa kamba ya mkonge. Kiti hubeba watu wawili wakikaa kwa adabu. Ukipanda adhuhuri, huoni maji wala mbingu, unaona weupe tu chini na weupe tu juu, na wewe katikati umening'inia kama wazo ambalo bado halijasemwa.

Sasa, kabla kiti hakijawekwa, Apondi aliwahi kuishi ng'ambo. Alikuwa kijana, ana mume, ana mimba. Uchungu ulimshika, wakampakia kwenye trekta, wakazunguka ziwa. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, akapumua kidogo, basi. Siku ya nne hapakuwa na cha kubebwa gatini. Mume naye alikwenda zake mwaka uliofuata, na Apondi akabaki na funguo za stoo na mlango ulioandikwa jina lake kwa rangi nyekundu: APONDI. Kila mwaka magadi yalilamba bati na rangi pamoja nalo, na kila mwaka akaliandika upya. Watu walimwita Mama Stoo. Walidhani ni utani mzuri. Naye alicheka nao, kisha akaenda kupaka rangi.

Kiti kilipowekwa, Apondi alianza mchezo wake. Kila waya ulioingia stoo aliukata kipande cha shibiri moja, akakikunja duara kama hereni, akazibana ncha zake ili kibaki kimejikaza, kisha akakitundika juu ya mfereji wa maji ya moto yanayotoka kwenye tanuri. Kando yake alitundika kigae cha kibuyu alichokichora tarehe, maana cha chuma kingeliwa. Ukipita pale unaona hereni zimejipanga ukutani zinameremeta kwenye mvuke. Vijana wakawa wanamuuliza harusi ni lini. Anawajibu kwamba anangoja kwanza mmoja wao ajifunze kuoga.

Msimamizi wa mafundi pale alikuwa Fomeni Musundi, mtu mzuri tu, mwenye tumbo la heshima na sumaku. Sumaku hiyo aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaitia uzi, akaivaa shingoni. Kila chuma kilichoingia getini kilipimwa nayo. Ikinasa, fomeni anatikisa kichwa. Ikiteleza, anapiga sahihi.

"Stenlesi ya kweli haishikwi na sumaku," alikuwa akisema. "Ikishikwa, hicho ni chuma tu kimevaa nguo ya kuazima."

Na kwa miaka mingi hakukosea sana. Hapo ndipo penye hatari, si unajua. Mtu anayekosea kila siku hujiangalia.

Basi siku moja lori lilileta mizingo miwili ya waya. Wa kwanza ulikuwa unang'aa mpaka unaona meno yako. Fomeni akauwekea sumaku, sumaku ikateleza ikaanguka. Akatabasamu. Wa pili ulikuwa wa kijivu kidogo, mkavu wa sura, hauna bashasha. Alipousogelea tu, sumaku iliruka kutoka mkononi mwake ikaubusu.

Dereva alijaribu kutetea mzigo wake. Alieleza kwamba huo unaitwa dupleksi, umetengenezwa hasa kwa ajili ya mahali pa chumvi na moto na tindikali, na kwamba ndani yake mna chuma cha asili mbili, nusu kwa nusu, asili moja inashikwa na sumaku na nyingine haishikwi, zimelala pamoja kama pacha tumboni. Moja inapolegea, nyingine inakaza.

"Basi hiyo nusu inayoshikwa ndiyo wizi wenyewe," alisema Fomeni Musundi. "Mama Stoo, huu peleka kwenye vyuma chakavu. Nikiuona tena humu ndani, nitachukua na funguo."

Watu walicheka, na jina likabaki: Pacha.

Apondi alikata shibiri moja ya ule unaong'aa na shibiri moja ya Pacha, akakunja hereni mbili, akatundika. Kisha Pacha wenyewe akauficha chini ya magunia matupu nyuma ya stoo. Kila lori la vyuma chakavu lilipoondoka, alihisi funguo zikimwelemea kiunoni. Hakuwa na kazi nyingine duniani, wala kwao hapakuwa na mtu wa kumpokea. Aliendelea kungoja.

Mwezi wa saba tangu zitundikwe, hereni ya ule unaong'aa ilikatika. Haikuota kutu. Haikuwa nyembamba. Ilikuwa bado inameremeta kama bibi harusi, lakini imevunjika vipande viwili kama biskuti, imepasuka kimyakimya kutokea ndani. Pacha uko vilevile, wa kijivu, umejikaza. Mwezi wa kumi na nne, vilevile.

Apondi alivipeleka vipande kwa fomeni, akaviweka mezani. Fomeni alivigeuza, akavipima na sumaku, sumaku ikateleza. Akamwambia labda alivikunja vibaya.

Hapo wewe ungelia. Apondi alikwenda kwa Syombua.

Wakati huo kamba ya kulia ya kile kiti, ya zamani, ile iliyopakwa zinki, ilikuwa imeliwa mpaka ikawa na nywele. Ilitakiwa kamba mpya haraka, na kwa upande wa kushoto mafundi walikuwa wameshasokota na kutundika ile ya waya unaong'aa, na waya huo wote ukaishia hapo. Kwa upande wa kulia hapakuwa na waya. Isipokuwa ule uliokuwa chini ya magunia.

Lakini Pacha ni mkaidi, jamani. Mafundi wawili waliujaribu kwa siri kwa kumwonea Apondi huruma. Wakaubana kwenye jiliwa, wakauzungusha, ukajifyatua. Mmoja wao ulimng'oa meno ya mbele, mpaka leo hatamki vizuri neno "sita". Ndipo Syombua akaomba wampishe. Aliukalia, akaupapasa, akasema waya huu haupendi kulazimishwa upande mmoja. Akafanya kama anavyofanya na mkonge wa chondo: nyuzi akazisokota kwa mkono wa kulia, kisha nyuzi zenyewe akazilaza pamoja kwa mkono wa kushoto, hii ikitaka kufunguka inaibana ile. Ilimchukua alasiri arobaini nyuma ya stoo, kwenye kivuli cha ukuta, akiimba kwa sauti ya chini huku mwanga wa ziwa ukicheza ukutani kama maji.

Kamba ilipokwisha ilikuwa nzuri, nzito, tulivu. Na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuhisi kitu tena. Alivichoma na sindano kuhakikisha. Chondo alichokuwa amekianza kilibaki nusu, kimetundikwa kwenye msumari, na msumari nao unaliwa.

Fomeni alipoiona ile kamba aliisogezea sumaku, ikanasa. Funguo hakuzichukua, maana kiti kilikuwa kimesimama na ng'ambo walikuwa wanaishiwa unga. Aliagiza itundikwe kwa muda tu, mpaka waya wa maana uletwe, na akawaonya kwamba kikitokea cha kutokea wasiseme sumaku haikuwaambia.

Haya, sogeeni sasa. Aliyelala amshwe.

Ng'ambo aliishi mlinzi wa pampu, Kalume, na mkewe Mbeyu, waliohamia pale si zamani. Mbeyu alikuwa na mimba ya kwanza, na hesabu ya miezi ilikuwa bado. Saa nane mchana maji yakavunjika. Kalume alimbeba mpaka kwenye kiti, akamketisha, akapanda naye, akavuta kengele. Huku upande wa kambi Simaloi aliwasha winchi. Apondi alikuwa amesimama kando yake, kwa sababu aliposikia kengele ikivutwa mara tatu, ishara ya dharura, alijua ni nini, na miguu ilimleta yenyewe.

Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Kisha upepo ukaamka. Upepo wa Shura hauji na mawingu, unakuja na vumbi la magadi, jeupe, laini, ukainuka kutoka kwenye gamba na kufuta kila kitu: mnara wa kule, heroe, jua lenyewe. Kiti kiliingia ndani ya weupe huo kikapotea. Kamba tu ndizo zilizobaki zikionekana, zikitoka mnarani na kuishia hewani, hazielekei popote.

Katikati ya safari kamba ya kushoto ilikatika.

Haikulia kama chuma. Ililia kama glasi, kidogo tu, mbali, kama mtu amevunja kikombe katika nyumba ya jirani. Kipande chake kilirudi kikianguka juu ya gamba, kinang'aa bado. Winchi ilipata mshtuko, ikanguruma mara moja ikazima. Na kila kitu kilichokuwa duniani kwa Mbeyu na Kalume kikawa kimeinama upande, kimeshikwa na kamba moja ya kijivu ambayo sumaku iliikataa kwa kuipenda.

Mafundi walikimbilia mtambo. Simaloi hakuutazama mtambo. Alichomeka mpini wa kuzungushia kwa mkono, kiganja kimoja akakiweka juu ya kamba, akafumba macho. Upepo ukivuma, anasimama. Upepo ukivuta pumzi, anazungusha, mara tatu, mara nne, anasimama tena. Mtu mmoja alimpigia kelele aharakishe, naye akangoja upepo. Angevuta kinyume cha upepo, kile kiti kilichoinama kingewamwaga kama unga. Bega lake lilitoa mlio. Apondi aliusikia. Aliendelea na bega hilohilo.

Halafu, katikati ya weupe, Simaloi alisimama ingawa upepo ulikuwa umetulia.

"Walikuwa wawili," alimwambia Apondi polepole, macho bado amefumba. "Sasa wako watatu."

Hakuna aliyekuwa amesikia kilio. Hakuna aliyeona kitu. Apondi aliweka kiganja chake juu ya kamba ile aliyoingoja miezi kumi na minne, akajaribu kuhisi, na akaona kama anahisi kitu kidogo sana kinatetemeka huko mwisho wa dunia, ingawa hakuwa na kipaji hicho, na huenda ilikuwa ni mkono wake mwenyewe.

Baada ya nusu saa kiti kilitoka ndani ya vumbi, kimeinama, cheupe chote, na watu wake weupe kama sanamu za chumvi. Mikononi mwa Kalume mlikuwa na kitoto cha kike, chekundu, kimekasirika. Hicho tu ndicho kilichokuwa na rangi ziwani kote.

Kelele za furaha mnaweza kuzitunga wenyewe. Twende kwenye tatizo.

Siku ya pili Kalume alitangaza kwamba mtoto atapewa jina la aliyemwokoa. Atakuwa somo wake. Alisema maneno mazuri, akakaa chini, ndipo mtu mmoja akauliza: aliyemwokoa ni nani? 

Kambi iligawanyika. Wa chekeche walisema ni Syombua: waya ukiwa umezingwa haubebi hata kuku, aliyeufanya kamba ndiye. Wa winchi wakasema ni Simaloi: kamba nzuri mikononi mwa mpumbavu ingewamwaga wote ziwani, tena kamba iliyobaki ilikuwa moja. Wengine wakamtaja Mama Stoo, lakini kwa sauti ndogo, maana alichofanya hakikuonekana. Alificha kitu chini ya gunia, akakaa. Utamweleza vipi mtoto akikua?

Hata Fomeni Musundi alijitokeza. Alidai kwamba asingeukataa yeye, waya ule ungetumika kwenye uzio wa mbuzi na kwisha. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Alicheka nao, lakini jioni ile sumaku haikuwa shingoni mwake, na hakuna aliyemuuliza.

Wanawake wenyewe watatu walikaa nyuma ya stoo wakichambua mboga, wakitaniana.

"Mimi nimetoa vidole viwili," alisema Syombua. "Jina langu lingekuwa fidia ndogo tu."

"Bega langu linapanda lenyewe kama la mtu anayesema sijui," alisema Simaloi. "Nikiulizwa kitu chochote sasa naonekana mjinga. Nimdai nani?"

Kisha wakamtazama Apondi. Naye akasema yeye hakutoa kitu, aliangalia hereni tu. Alisema huku anatabasamu na kuchambua jani lilelile kwa mara ya tatu. Syombua, aliyekuwepo miaka ile ya trekta, aliinamisha macho.

Siku ya tatu Mbeyu alimwita Apondi. Alikuwa amelala, mtoto kifuani. Mbeyu hakujua habari za trekta. Nani angemwambia mzazi hadithi kama hiyo? Alimwambia kwamba anataka mtoto avae kikuku cha waya uleule, kimekunjwa kwa herufi za jina lake, ili jina liwe mkononi na ziwa lisiliguse. Apondi akajibu kwamba Pacha uliobaki ni wa urefu wa mkono mmoja. Unatosha jina moja.

"Nilifumba macho njia nzima, mama," alisema Mbeyu. "Sikuona kilichonishika, wala aliyenivuta. Hawa wote wanabishana na mimi sijui. Wewe unao waya, unalo koleo, na wanasema wewe unajua kutazama kitu mpaka kiseme. Kunja jina. Litakalokuwa kwenye kikuku ndilo Kalume atakaloliita kesho."

"Lolote?"

"Lolote. Hata likiwa lako. Sitauliza."

Apondi alitoka nje. Mwanga ulimpiga usoni. Alikwenda kwa wenzake akawaambia yote, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuubeba mzigo huo. Simaloi alisema kwamba akilikunja jina lake, alikunje vizuri, kama la mtu mwenye shingo ndefu. Syombua ndiye aliyesema la maana.

"Ukikunja langu, Apondi, nitajua umenihurumia kwa sababu ya vidole. Ukikunja lako, sitasema kitu mpaka kufa. Sasa usije ukaniuliza tena."

Siku ya nne, mchana, mazigazi yaliinua ng'ambo ikaelea. Kambi yote ilikuwa gatini, imevaa safi. Kalume alisimama ukingoni na mtoto mikononi, mgongo wake kwa watu, uso kwa ziwa, akingoja kikuku. Heroe walitembea ndani ya mwanga, hawana haraka.

Apondi alikuwa bado ameketi mlangoni mwa stoo. Nyuma yake, kwenye bati, jina lake la mwaka huu lilikuwa limebaki herufi mbili. Mapajani mwake palikuwa na waya wa urefu wa mkono mmoja, wa kijivu, usioliwa. Na waya ule, nisikilizeni, ukishaukunja haurudi. Ukijaribu kuunyoosha unabaki na kumbukumbu. Akaupima kwa macho. Akafikiria vidole visivyohisi. Akafikiria bega. Akafikiria kitu kilichopumua kidogo kando ya barabara, ambacho hakikuitwa na mtu yeyote juu ya maji yoyote, na kwamba kesho kutwa yeye naye atakuwa alama ya rangi ya chai mchangani. Akafikiria pia kwamba haki ikiwa ni yake kweli, kuiacha kwa aibu si wema, ni uongo mwingine unaong'aa tu. Na kama si yake, je?

Akaushika waya kwa koleo. Gatini watu waligeuka kumtazama.

Tuishie hapo. Msininunie, niliwaonya.

Haya, wewe mwenye joho, na wewe mwenye mate shavuni, na wewe uliyecheka habari za mwangwi. Yupo aliyengoja, yupo aliyesokota, yupo aliyevuta. Ondoa mmoja tu, mtoto hayupo. Usiniambie inategemea, wala usiniambie wakunje majina yote matatu, waya ni mmoja na ziwa linapokea mara moja. Koleo liko mkononi mwako, Kalume ameshavuta pumzi: ungekunja jina la nani?